Kiyoyozi Mbeya cha nini? Nunua hivi kabla kipupwe hakijaingia

Ingia duka lolote la vifaa vya umeme Mwanjelwa, hapa Mbeya, uulize AC. Muuzaji atakutazama mara mbili: "AC ya nini na baridi yote hii?" Anauliza hivyo kwa sababu anaamini, kama wengi wetu, kwamba kiyoyozi kazi yake ni kupooza tu. Kiyoyozi huhamisha joto kutoka upande mmoja wa ukuta kwenda wa pili, na zipo aina zinazoweza kugeuza njia: hata nje kukiwa nyuzi 7, joto lililomo kwenye hewa hiyo huvutwa na kuletwa chumbani. Sisi tunaoishi mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na ndugu zetu wa Njombe na Makete walio juu zaidi, hicho ndicho tunachokihitaji Juni na Julai.

Njia za kupata joto nimezipanga kuanzia ya kwanza kufanya, kwa kufikiria chumba cha kulala cha futi 12 kwa 12, familia ya LUKU ya kawaida.

Namba moja si mashine. Ni dari. Chumba chenye bati tupu juu hakipati joto hata ukiweka hita tatu, maana joto lote linapanda na kupotelea juu. Piga dari, ziba mwanya chini ya mlango, weka pazia zito, hasa kama madirisha yako ni yale ya luva. Kisha nunua blanketi la umeme. La wati 100 likiwaka kwa muda wa saa nane halimalizi hata uniti moja. Lisikunjwe likiwa linawaka, na mtoto mchanga asilalishwe juu yake. Mwenye bajeti ndogo aishie hapo, atalala vizuri.

Namba mbili ni AC ya joto na baridi, ya inverter, yaani inayojipunguzia au kujiongezea nguvu kadiri inavyohitajika. Hapa ndipo watu wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Hita ya wati 2,000 inakupa joto la wati 2,000, basi. AC nzuri ya BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya AC) ikiwa kwenye joto inaweza kula wati 800 hivi na kukupa mara mbili au tatu ya hapo, kwa kuwa haitengenezi joto, inalibeba tu. Usidanganywe na alama ya jua kwenye rimoti. Rimoti moja hutengenezwa kwa modeli nyingi, na unaweza kuibonyeza hadi asubuhi kwenye mashine isiyo na joto kabisa. Mimi niliuziwa hivyo. Mwombe muuzaji akufungulie boksi la mashine ya nje, ile inayofungwa nje ya nyumba, usome kibandiko chake ubavuni: lazima pawe na mstari wa "Heating" wenye wati au BTU zake. Mstari haupo, joto halipo.

Usichukue BTU 18,000 kwa chumba hicho kwa kudhani kubwa ndiyo bora. Hata ikijipunguza bado itazidi chumba, itawaka na kuzima mara kwa mara, na umelipia nguvu usiyoitumia. Ikiwa kwenye joto, elekeza mapezi chini, maana hewa ya moto hupanda yenyewe. Na alfajiri ya baridi kali ukiona imenyamaza dakika chache huku mashine ya nje inatoa mvuke na kuchuruzika maji, usimpigie fundi. Inayeyusha barafu iliyojishika huko nje, kisha itaendelea.

Namba tatu, hita ya mafuta, ile yenye mapezi na magurudumu. Inachelewa kupata moto lakini hukaa na joto baada ya kuzimwa. Namba nne, hita ya koili au ya feni. Watu husema ndogo inakula umeme kidogo. Angalia wati, si umbo. Wati 2,000 kwa saa nne ni uniti 8. Kama uko kwenye tarifu ya uniti 75 kwa mwezi, siku kumi hazifiki umezimaliza. Na usiichomeke kwenye ekstensheni nyembamba, inayeyuka.

Jiko la mkaa sitalipa namba. Najua kwetu ndilo lililotulea. Nilipokuwa mdogo tulilala nalo chumbani, tukaamka vichwa vinagonga, mdogo wangu anatapika, mama akadhani ni malaria. Watu husema mkaa ukishakolea na moshi kuisha hauna madhara. Mkaa mwekundu usio na moshi ndio unaotoa kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala hapati nafasi ya kushtuka. Wala kuwa na AC hakuokoi: AC ya ukutani haiingizi hewa mpya, inazungusha ileile iliyomo chumbani. Liache jiko nje, jamani.

Wa Kyela na Mbarali, mko mkoa mmoja nasi lakini hali yenu ni nyingine. Anzeni na feni ya dari. Mkichukua AC, iwekeni nyuzi 25 au 26. Kuiweka 16 hakupoozi haraka zaidi kwenye AC ya kawaida, kunaifanya tu isipumzike. Kyela kwenye unyevu ndiyo kabisa msichukue iliyozidi chumba, maana itapooza upesi na kuzima kabla haijakausha hewa, mlale kwenye ubaridi wenye unyevunyevu.

Jambo la mwisho ni gesi. Gesi ya AC haiishi kama ya kupikia. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua maana yake kuna mahali panavuja. Fundi akija kila mwaka kukujazia, mwambie apake povu la sabuni kwenye maungio na akuonyeshe mapovu yanapotokea, apazibe kwanza, ndipo umlipe.