Duka la mizigo ya Kanada pale Old Taxi Park, Kampala, mahali pa kwanza nimeulizwa "London ipi?"

Naanza na machungu kwanza ndo mtaelewa nyota ninazotoa. Mwaka jana nilituma boksi kwa dada yangu kupitia ajenti mwingine hapa mjini, simtaji, vitenge viwili, mukene (dagaa wa ziwani) kilo tatu na karanga za kusaga za mama. Dada anakaa London. London ya Kanada, kule Ontario, mji wa watu zaidi ya laki nne na hata mto wao wameuita Thames, sasa aliyeupa jina sijui alikuwa anatutafutia nini. Kwenye risiti ajenti akaandika Kanada vizuri tu, ila juu ya boksi akaandika London peke yake, na boksi likaenda kwa Mfalme Charles. Lilirudi baada ya miezi miwili, mukene zimekuwa unga na vitenge hadi leo vinanuka ziwa.

So safari hii jirani akanielekeza huku, ghorofa ya pili, jengo linalotazama Old Taxi Park, unapanda ngazi za wale wauza kava za simu, kibao chenyewe hata hukioni. Nikamwambia kijana wa kaunta natuma London. Akaweka kalamu chini. "London ipi, dada?" Jamani nilitaka kumkumbatia.

Akaomba posti kodi, nikamsomea kutoka wasap, inaanza na N. Akasema basi hiyo ni Ontario upande wa kusini, njia ya kwenda Windsor kule mpakani na Detroit, ingekuwa M ni Toronto yenyewe, L ndo zile za kuizunguka Toronto. Kuna mahali nilikuwa nimeandika O, akaifuta akaweka sifuri, anasema Kanada hawaitumii O kwenye kodi zao kabisa, ukiona duara ujue ni namba. Yote hayo yamo kwenye daftari lake la kava gumu, kurasa zimechafuka wino, kila herufi na jimbo lake, T Alberta, V British Columbia, R Manitoba. Hamna kompyuta pale.

Nikaanza kumchokoza. Surrey? Akasema Uingereza, nikacheka, halafu akajishika kichwa, "aa ngoja, na ile ya karibu na Vancouver!" Ndiyo, na ina watu zaidi ya laki tano, si kijiji. Laval akajua ni kisiwa pembeni ya Montreal. Gatineau hakufikiria hata, akasema ni ng'ambo ya mto kutoka Ottawa lakini jimbo lingine, Quebec, kodi yake J wakati Ottawa ni K, na wateja wanamwandikia Ottawa tu kwa sababu ndiyo wanayoijua. Nilipomtajia Moose Jaw akadhani namtania. Ipo bana, Saskatchewan, nina binamu kule na baridi yake anailalamikia kila wiki.

Na kusema kweli hawa ndugu zetu wenyewe ndo wanatuchanganya. Miaka yote tulijua binamu zangu wengine wawili wako Toronto, kumbe mmoja yuko Brampton na mwenzake Mississauga, miji yenye mameya wake, Brampton peke yake ina watu zaidi ya laki sita na nusu, Mbarara haioni ndani. Ila nitawalaumu vipi, mimi nakaa Nansana na shangazi yangu wa Nakivale, kule kambi ya wakimbizi, nikimpigia namwambia niko Kampala, nikisema Nansana ataanza kuuliza hiyo nayo ni kambi ya wapi. Tofauti ni kwamba boda akija Nansana atapiga simu, utamwambia pita petroli stesheni ulizia kwa mama Furaha, amefika. Posta ya Kanada haiulizii mama Furaha.

Kwenye foleni nyuma yangu alikuwepo mzee mmoja Mhindi, anatuma kahawa kwa kaka yake Kitchener. Anasema kaka aliondoka 1972 Amin alipowafukuza, ndege iliwashusha Montreal wakapelekwa kambi ya jeshi ya Longue-Pointe, na nyumbani hapa hadi leo kuna wazee wanaojua kaka yuko Montreal. Miaka hamsini na kitu! Mzee wa watu alikuwa anacheka hadi miwani inashuka.

Sasa mabaya. Huo ujuzi wote uko kwenye kichwa cha yule kijana na lile daftari basi. Nilirudi Jumatano kumsindikiza mama mmoja anayetuma Lethbridge, kijana hayupo, yuko binti mwingine, mpole sana lakini aliandika "Let Bridge, Toronto". Lethbridge iko Alberta! Nikamwambia nyabo futa hapo, akanuna, akafuta. Kama kijana hayupo mjini usiache boksi, rudi nyumbani kalale.

Bei ni shilingi 48,000 kwa kilo, si rahisi, wapo wa chini ya hapo. Nyama ya kukausha walinirudishia palepale, nikaona afadhali kuliko ikamatwe huko. Mizani yao imekaa kwenye meza yenye mguu mmoja mfupi, boksi langu lilisoma kilo 7 na robo upande mmoja, nilipolisogeza likasoma 7 kamili, na bila aibu wakanitoza ile ya kwanza.

Boksi lilifika siku ya 16. Dada alinitumia picha, mlangoni kwake kwenye theluji, N yake imeandikwa kwa maka nyekundu kubwa kama ngumi. Nyota nne. Ya tano wataipata siku wakiweka kijiwe chini ya ule mguu wa meza.