Rimoti mfukoni au ufunguo kwenye swichi? Uzoefu wangu na gari la kubonyeza

Gari tunalotumia nyumbani sasa ni mtumba wa Kijapani wa 2012. Rimoti inakaa mfukoni: unagusa kitasa mlango unafunguka, unakanyaga breki, unabonyeza kitufe, gari linawaka. Kabla yake tulikuwa na gari dogo la ufunguo wa kuchomeka. Yote mawili nimeyaendesha njia ileile, Tabata mpaka mjini na kurudi, foleni zilezile na madimbwi yaleyale. Kwa hiyo nasema bila kuzunguka: mlango umenifaa sana, kitufe hakijanifaa kivile, na kero kubwa ya mfumo huu hakuna muuzaji aliyenitajia kabla sijalipa.

Tuanze na mlango. Jumamosi sokoni Buguruni, mvua ya masika imeshaanza, mtoto kalala begani, mkono wa pili una mfuko wa nyanya ambao ukiuweka chini kwenye tope basi tena. Kwa gari la zamani hapo ndipo ulipoanza kujipapasa mifukoni na kupinda kiuno huku mtoto anateleza. Sasa unapitisha vidole nyuma ya kitasa, gari linalia tii-tii, taa zinapepesa, umeingia. Mke wangu yeye anachofurahia ni usiku: hapekui tena mkoba akiwa amesimama gizani. Kwa hilo peke yake sitamani kurudi nyuma.

Kinachotokea pale ni kwamba gari linatoa wito wa redio wa masafa ya chini, usiofika mbali, mita moja hivi. Rimoti ikiusikia inajibu kwa masafa ya juu, na jibu lake ni msimbo wa siri unaobadilika kila mara. Ndiyo maana ukisimama kando kidogo mlango unagoma, na ndiyo maana rimoti inakula betri hata kama hujaishika siku nzima: muda wote imetega sikio. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kitu hiki kilikuwa cha wenye Mercedes-Benz S-Class. Leo kimo hata kwenye vigari vya bei nafuu vinavyoshushwa bandarini kwetu.

Kwenye kitufe ndipo nilipotarajia raha, sikuiona. Ukanyage breki ubonyeze, au ukanyage breki uzungushe mkono, muda ni uleule. Matangazo ya mtandaoni yanaandika PUSHI STATI kwa herufi kubwa kana kwamba ni injini ya pili.

Sifa moja nitakipa. Sisi tuna tabia ya kuning'iniza nyumba nzima kwenye ufunguo wa gari: ufunguo wa geti, wa kufuli la stoo, kifungulia chupa, tasbihi. Mzigo ule unachezacheza kila tuta na kuila swichi taratibu. Swichi ya gari letu la zamani ilifika mahali lazima uutikise ufunguo kwanza ndipo ukubali kuzunguka. Na siyo usumbufu tu. Mwaka 2014 General Motors iliita gereji magari yapatayo milioni 2.6, yakiwemo ya Chevrolet Cobalt, kwa sababu swichi ilikuwa legevu: mtikisiko au ufunguo mzito uliweza kuirudisha nyuma gari likiwa mwendoni, injini ikazima, mifuko ya hewa isifumuke. Mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124. Kitufe hakina cha kuning'inia.

Lakini nacho kina kesi yake. Agosti 2009, karibu na San Diego, Marekani, zulia la Lexus ES 350 lilinasa pedali ya mafuta na watu wanne wakafa. Gari lile lilikuwa la kitufe, na kulizima likiwa mwendoni ilibidi ukishikilie kama sekunde tatu. Nani anakumbuka hilo akiwa kwenye hofu? Kubonyeza mara moja, kama ulivyozoea ukiwa umeegesha, hakusaidii. Kijitabu cha maelekezo kilichokuja na gari letu ni Kijapani kitupu, kwa hiyo wengi tunaendesha bila kulijua. Muulize fundi wako leo: gari lako linazimwaje kwa dharura?

Sasa ile kero yenyewe. Ufunguo wa kuchomeka una sifa ambayo hatukuwahi kuithamini: gari likiwa linanguruma, ufunguo umo ndani ya gari, hauna pengine pa kuwa. Rimoti haina mpaka huo. Ikiondoka, gari halizimi, na kwa usalama halipaswi kuzima; linalia kidogo, linaonyesha alama kwenye dashibodi, linaendelea na safari. Siku moja nilimshusha mke wangu Kariakoo, rimoti imo mkobani mwake kwa sababu yeye ndiye aliyefungua gari asubuhi. Kwa honi za pale Msimbazi, hata kama gari lingeimba taarabu nisingesikia. Nikaingia sheli, nikazima injini kama inavyotakiwa, nikajaza, nikabonyeza. Kimya.

"Bosi, sogeza basi, wenzako wanasubiri," kijana wa pampu anasema.

Nisogeze vipi? Gari ni otomatiki, limezimwa likiwa kwenye P, gia ya kuegesha, usukani umejifunga. Halisukumiki. Nikapiga simu. "Mama Neema, hebu angalia kwenye mkoba." Akacheka kwanza. "Ninayo hapa, Baba Neema, na nimeshapanga foleni benki." Rimoti ililetwa na bodaboda, abiria wa peke yake, huku magari ya nyuma yangu yakirudi rivasi mmoja mmoja na kila dereva akiniangalia anavyojua mwenyewe.

Hilo ni la kuchekesha ukishatoka pale. La kila siku ni uani. Tunakoishi magari yanapangana nyumanyuma kwenye kiwanja kimoja cha wapangaji. Ufunguo wa zamani ulikaa msumarini kwa mlinzi. Jirani akitaka kutoka alfajiri, gari linasogezwa na mimi nimelala. Rimoti ya laki kadhaa siiachi msumarini. Kwa hiyo saa kumi na moja mlango unagongwa: "Baba Neema, samahani, naomba nitoke." Mwosha magari naye, fundi naye, shemeji anayeazima gari Jumapili naye, wote walikuwa wanapewa ufunguo bila kufikiri. Mfumo huu umetengenezwa kwa gari la mtu mmoja na mfuko mmoja, na gari la kwetu si la namna hiyo.

Betri ya rimoti ikiisha usiogope. Ndani kuna kiufunguo cha chuma cha kufungulia mlango wa dereva, kisha gusisha rimoti kwenye kitufe, kanyaga breki, bonyeza. Magari mengi yanaitambua hivyo hata ikiwa haina betri. Betri yenyewe ni kile kidonge bapa, mara nyingi CR2032, cha kwenye maduka ya saa.

Kuhusu wezi: mwaka 2011 watafiti wa ETH Zurich, chuo kikuu cha Uswisi, walijaribu magari kumi na yote yalifunguka na kuwaka kwa kurefusha mawimbi ya rimoti iliyokuwa mbali, bila kuvunja msimbo wowote. Ulaya wizi huo upo. Mtaani kwetu bado wanapenda saiti mira kuliko gari zima, lakini mimi rimoti naizima nikilala. Kwenye Toyota nyingi unashikilia kitufe cha kufunga huku ukibonyeza cha kufungua mara mbili; kitaa kikipepesa mara nne, imelala.

Kama unanunua, usitazame kitufe, uliza rimoti ziko ngapi. Mitumba mingi inakuja na moja, na ikipotea hiyo moja, kutengenezewa nyingine ni kazi ya fundi mwenye mashine, ni ghali kuliko kuongeza ya pili wakati ya kwanza bado ipo. Sisi tuliongeza, mke wangu ana yake, na hiyo ndiyo fedha iliyotumika vizuri kuliko zote kwenye gari hili. Tena hapohapo yadi, kabla hujatoa hela, chomoa kile kiufunguo cha chuma uone kama kimo na kama kinazunguka kwenye mlango. Nyingine zinakuja tupu.