Uzoefu wangu: daktari wa wanyama aliyepima figo za farasi wetu, Lubumbashi

Farasi wetu jike, mwenye umri wa miaka 19, alianza kukonda wakati wa kiangazi ilhali nyasi hazikukosekana horini, na mtunza farasi akaona kwamba ndoo zinakauka upesi na matandiko ya banda yamelowa chapachapa kila asubuhi. Tulimwita daktari anayefika nyumbani, na kwa sehemu kubwa nimeridhika naye.

Kilichonifurahisha ni kwamba hakutosheka na kutoa damu. Aliagiza matandiko mapya yatandazwe, akapiga mluzi polepole, na farasi alipokojoa akakinga mkojo kwa kopo, akadondosha tone juu ya refraktomita, kifaa cha kupimia ukolezi wa mkojo, kisha akanipa nichungulie mwenyewe: 1.010 (maji matupu ni 1.000). Alieleza kwamba figo nzima zinaweza kukoleza mkojo hadi kupita 1.025, na kwamba kreatinini ya damu, yaani taka ya misuli ambayo figo huichuja, haipandi mpaka takriban robo tatu ya uwezo wa figo iwe imepotea, kwa hiyo anayetegemea damu peke yake huchelewa kujua. Kreatinini ya farasi wetu ilikuwa imekwisha kupanda.

Ushauri wa chakula ulikuwa wa kina kuliko nilivyotarajia. Kwa farasi, kalsiamu ya ziada hutolewa na figo, na zinapochoka hujikusanya katika damu. Ndiyo sababu aliondoa alfaalfa, lishe ya majani yenye kalsiamu nyingi, akabakiza nyasi kavu za kawaida na mafuta kidogo ya kupikia ili kurudisha mwili, na maji yasikatike kamwe. Fenilbutazoni, dawa ya maumivu aliyokuwa akipewa farasi kwa ajili ya viungo vya miguu, daktari aliisimamisha, kwani hupunguza damu iendayo figoni, hasa mnyama akiwa amepungukiwa na maji mwilini.

Kasoro zipo. Majibu ya kipimo cha marudio cha kreatinini yalichelewa, tena yakaja kwa mikromoli kwa lita ilhali ya kwanza yalikuwa kwa miligramu kwa desilita, bila maelezo yoyote. Mtu asiyejua kugawanya mikromoli hizo kwa 88.4 ili kupata miligramu angedhani mnyama yumo katika kufa. Gharama ya mafuta ya gari nayo tulitajiwa mwishoni, jambo ambalo sikulipenda.

Ugonjwa huu wa figo kuchoka hauponi, naye hakutuahidi kupona. Hata hivyo farasi ameacha kukonda, anakula vizuri, na tutaendelea kumwita daktari huyu, ila sasa tunakubaliana bei ya safari kabla hajaondoka kwake.