Nimelipia riwaya mpaka mwisho, nikanyimwa sehemu ya kikombe cha pili

Naandika hii nina hasira na mtu asiniambie nipoe kwanza, nilishapoa nikachemka tena. Ni hizi riwaya zinazouzwa WhatsApp, wenyewe mnazijua, sehemu za mwanzo unatumiwa bure, ukishanogewa unaambiwa lipia. Jina la riwaya siliandiki wala la mwandishi, waliokuwa kwenye grupu watajua tu. Ni ya mapenzi na upelelezi, na mpelelezi mwenyewe ni mwanamke, tena sio askari wala nini, muuza uji wa hapa hapa kwetu Mtwara. Nikalipa elfu tatu "mpaka mwisho". Hayo maneno ni ya mwandishi mwenyewe, mpaka mwisho, yamo kwenye tangazo lake na skrinshoti ninayo.

Sasa mimi sio mtu wa kuponda tu, kwahiyo niseme ukweli, hii riwaya ni nzuri. Ni nzuri jamani ndio maana naumia hivi. Sisi tumekua na kina Bwana Msa, Willy Gamba, Joram Kiango, wapelelezi wote wanaume, mwanamke akitokea humo mara nyingi ni mrembo wa kumponza mtu. Huyu hapa ni dada anaamka saa tisa usiku kukoroga uji, anauza nje ya ghala la chama cha msingi cha ushirika wa wakulima kule Mikindani, hana bastola, hana gari, hana mjomba polisi. Msimu wa korosho umechanganya, karani wa mizani anakutwa amekufa ufukweni maji yalipokupwa. Polisi wanasema alilewa uraka, ile pombe ya mabibo ya korosho, usiku akazama, faili wanataka kufunga. Dada wa uji anakataa, maana karani ni mtu wa swala tano hajawahi kugusa uraka, na yeye anamjua kuliko polisi kwa sababu kila alfajiri anakunywa uji kwake kwa mkopo.

Na ushahidi wake ni daftari la madeni! Nani kanywa, vikombe vingapi, siku gani, kalipa hajalipa. Nilivyofika hapo nikarudia kusoma, mimi nauza dukani, daftari la madeni nalijua vizuri, ukilisoma unamjua nani mshahara wake umechelewa, nani ana mgeni ndani anamficha, nani kagombana na mkewe maana ghafla ananunua vitu vya mtu mmoja. Sijawahi kuona mtu amelitumia kwenye hadithi hivi. Huyu mwandishi ana kipaji, simnyimi.

Halafu korosho anazijua. Karani aliuawa kwa sababu kagundua kangomba, wale walanguzi wanaonunua korosho kwa magendo, wanaingiza mzigo wao ghalani kwa majina ya wakulima, wengine ni marehemu kabisa, mtu kafa miaka mingi lakini kwenye kitabu kaleta kilo mia nne. Kwa asiyetoka huku labda haimgusi. Lakini sisi tangu stakabadhi ghalani ilipoanza huku 2007, yaani unakabidhi korosho ghalani unapewa karatasi, kilo zako ni zile alizoandika karani, karatasi ndio korosho zako, na waliokuwepo ule msimu wa 2018 jeshi lilipoletwa kubeba korosho, bei ikatangazwa 3,300 kwa kilo kisha ukaja uhakiki wa wakulima, wanajua habari ya jina la nani na shamba la nani ilivyokuwa gumzo kila kibaraza. Nilikuwa nasoma najiona mule ndani.

Na mapenzi sasa. Kijana ni dereva wa Fuso, anatoa korosho kwenye chama cha msingi anapeleka ghala kuu, naye anakopa uji. Dada anampenda na hataki kumpenda. Kuna sehemu dereva anakuja analipa deni lake lote kwa mkupuo, dada anapokea hela anashukuru, akigeuka machozi yanamtoka, maana mtu anayemaliza deni na msimu bado haujaisha huyo anataka kuondoka. Hamna busu hapo wala maneno ya asali na mimi nililia dukani mteja amesimama.

Haya, alfajiri ya tukio daftari linaonyesha dereva kachukua vikombe viwili. Huyu mtu siku zote ni kikombe kimoja. Dada anakumbuka kweli, alivichukua viwili akaenda navyo nyuma ya lori. Cha pili cha nani? Lori lenyewe limeonekana karibu na ufukwe alikokutwa maiti, polisi wameshaanza kumuulizia dereva, dada daftari anaweza kulichoma akamuokoa au akalipeleka. Anamfuata anamuuliza uso kwa uso, kikombe cha pili ulimpelekea nani? Dereva kimya. Itaendelea.

Nilikaa usiku ule kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani wa taifa, kesho yake nimenunua bando asubuhi asubuhi, nafungua sehemu inayofuata, nakuta mwenyekiti wa kile chama cha msingi keshakamatwa, dereva kaachiwa, wawili wanatembea Mikindani wameshikana mikono wanaongelea mahari. Nikasema hapana. Naangalia namba za sehemu, zimeruka. Kuna sehemu nzima haipo!

Mimi nikauliza kwa adabu tu, "Kaka samahani, naona sehemu moja haijafika labda mtandao, tunaomba." Wakaja wengine, na mimi pia, na mimi pia, dada mmoja yuko Masasi, mama mmoja mtu mzima kabisa yuko Nachingwea tunamuita mama pale kwenye grupu, naye kauliza kwa heshima, mwanangu hatujaipata. Kimya. Baadae sana inakuja voisi noti, na sauti ya mtu aliyeshiba, anasema dada zangu mnapenda sana kuhoji, riwaya ni burudani nyie mnahoji kama mko mahakamani, mwenye akili keshajua kikombe kilikuwa cha nani. Mwenye akili! Anamwambia hivyo mama wa Nachingwea anayeweza kumzaa! Halafu chini yake anaandika, sehemu maalum inapatikana kwa elfu mbili kwa wanaohitaji.

Kwahiyo haikuwa mtandao. Aliichomoa makusudi. Kaona wote tumenasa pale pale akatukatia pale pale. Nikamuandikia, ulisema elfu tatu mpaka mwisho, nikamuwekea na ile skrinshoti ya tangazo lake. Hakujibu neno, naona tu nimetolewa kwenye grupu, najaribu kumtumia ujumbe pembeni kanipiga bloku.

Na kinachoniuma sio ile elfu mbili, elfu mbili ningeweza kumpa kama angeomba vizuri, angesema jamani hali ngumu naomba mniongeze, nani angekataa. Kinachoniuma ni hiki. Kwenye riwaya yake yeye mwenyewe kuna askari anamwambia dada wa uji rudi kwenye sufuria lako, maswali tuachie sisi. Kaiandika ile sehemu ili sisi tumchukie yule askari, na tulimchukia, grupu zima siku ile lilikuwa la moto tunamtukana askari ambaye hata hayupo. Mtu kaandika kitabu kizima kumsifia mwanamke anayeuliza swali moja bila kuchoka, mwanamke wa kweli akimuuliza swali lile lile anamfukuza. Sasa ulikuwa unaandika nini kaka? Ulikuwa unamaanisha au ulikuwa unatuchezea?

Halafu hadithi ya upelelezi sio kama nyingine. Nimewahi kusoma kwamba kuna padri wa Uingereza anaitwa Ronald Knox, mwaka 1929 aliandika kanuni kumi za hizi hadithi, na mojawapo ni kwamba mpelelezi akipata ushahidi wowote na msomaji lazima aonyeshwe hapo hapo. Na ni haki, maana msomaji naye anapeleleza, tunakimbizana na mpelelezi. Ukinificha kikombe hujanificha kipande cha hadithi, umeninyima hadithi yenyewe.

Na kwa kuwa umenifukuza basi na yale niliyokuwa nayasamehe siyasamehe tena. Umewatembeza wapenzi kwa miguu toka Mikindani mpaka Msimbati jioni moja, kaka, Mikindani unaikuta kabla hujaingia mjini ukitokea Lindi, Msimbati iko huko kuelekea mto Ruvuma, hata kwa bodaboda unafika umechakaa vumbi. Na Novemba umeweka mtu anapuliza salfa shambani. Salfa inapulizwa mikorosho inapotoa maua, Juni Julai hivi, kuzuia ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu, Novemba watu wanaokota korosho! Nilipoisoma mara ya kwanza nilisema aah kateleza. Sasa naona ni mtu asiyejali msomaji wake.

Sasa sikilizeni. Shoga yangu wa Lindi alikuwa bado yumo kwenye grupu, akalipa ile elfu mbili, kanipigia simu usiku akanisomea sehemu nzima mwanzo mpaka mwisho. Na mimi nawaambia hapa bure, wasiotaka kujua waruke hii aya. Kikombe cha pili kilikuwa cha marehemu. Karani alikuwa hai alfajiri ile, kajificha nyuma ya lori na kitabu cha mizani anataka kukipeleka mjini, ndio maana jina lake halipo kwenye daftari siku ile, uji wake uliandikwa kwa dereva. Na dereva alikaa kimya kwa sababu alimuapia. Sasa mwenyekiti alikuwa harusini Nanyamba usiku kucha, watu kibao wamemuona, kila mtu alishamtoa kwenye hesabu, lakini kama karani alikunywa uji alfajiri basi hakufa usiku, na kama hakufa usiku ile harusi haimsaidii mwenyekiti kitu. Kikombe kimoja cha uji kinaangusha kesi nzima. Na dada analijua hilo pale pale anaposikia jina, anafungua daftari anakata deni la kikombe kile kwa peni, hasemi kitu.

Ndio sehemu bora kuliko zote. Shoga alivyomaliza kusoma tulikaa kimya wote wawili vocha inakatika. Nikawa sijui nimpongeze au nimtukane.

Kwahiyo mkiniuliza niinunue nisiinunue, nilianza kuandika hapa nataka niwaambie msimpe hata mia. Sasa hivi nasema isomeni, hasa nyie wa Kusini, hasa wanawake, hamtapata nyingine kama hii hivi karibuni. Ila hela msitoe mapema. Subirini mpaka itumwe yote, hesabuni namba za sehemu moja moja, ndio mlipe. Hapana, ngoja, kwanini alipwe kabisa mtu aliyemjibu vile yule mama? Mimi sijui. Muamue wenyewe, mimi kila nikikumbuka ile voisi naghairi.

Ila wewe kaka najua haya utayaona, watu watakutumia. Sitaki hela yangu unirudishie. Tuma ile sehemu kwa wote waliolipa elfu tatu, na uanze na mama wa Nachingwea, umuombe radhi kwa sauti yako ile ile uliyomjibia. Mimi hata usiponirudisha kwenye grupu sawa tu.