Alaimenti ya kwadi, yaani kunyoosha magurudumu ya mbele: nimelipa mjini, nimekuja kuifanya mwenyewe uani

Wale wa gereji ya mjini wamenijazia upepo PSI 30, kile kipimo cha upepo wa tairi. Thelathini! Kwenye tairi la kwadi, pikipiki ya magurudumu manne, tairi ambalo ubavuni limeandikwa, kwa herufi ninazozisoma bila miwani, lisivuke 10 hata pale unapolikalisha kwenye rimu. Yangu inatembea na PSI 4. Niliipanda kutoka mlangoni kwao hadi kwenye pikapu, hatua ishirini hazifiki, nikawa narushwa kama nimekalia mpira wa kikapu.

Ngoja nianze mwanzo.

Nina kwadi mbili Paje, huku pwani ya mashariki ya Unguja, nawakodisha wageni. Wengi wanataka kwenda nyuma ya kijiji, na huko ni maweni matupu. Kabla ya Ramadhani, au labda ilikuwa imeshaingia, mgeni mmoja akaligonga jiwe kwa gurudumu la kushoto, tairodi, ile fimbo inayounganisha usukani na gurudumu, ikapinda. Nikabadilisha mwenyewe nyingine mpya. Tangu hapo ikawa inavuta kushoto, na kashata za matairi ya mbele, yale meno yanayoshika ardhi, zikaanza kuliwa kwa ndani. Nikasema hii kazi ya kompyuta, nisijifanye mjuaji. Nikakodi pikapu mpaka mjini.

Gereji siitaji jina. Ni kubwa, ina vigae sakafuni, ina kiyoyozi kwenye chumba cha kusubiri. Fundi mkuu aliiona kwadi juu ya pikapu akacheka, kisha akawaita wenzake waje kucheka naye. "Mzee, umetuletea gari ya mjukuu?" Mimi sina mjukuu. Na hiyo gari ya mjukuu ndiyo inayonilipia ada za watoto.

Tukaingia kazini. Makoleo ya mashine yao yameumbiwa rimu za gari, yangu ni za inchi 12, yakawa yanateleza. Akayafunga kwa mpira wa tyubu. Nikanyamaza. Kompyuta ikataka kujua ni gari gani. Kwadi haimo kwenye orodha, itakuwemo vipi? Akashuka na orodha, akachagua kigari kimoja kidogo cha milango miwili. "Hii inafanana nayo." INAFANANA! Kama mtu kukupimia shati kwa mwili wa jirani yako. Akazungusha tairodi, mistari kwenye kioo ikawa kijani, mkono ukanyooshwa: elfu arobaini.

Halafu ndiyo akaja na ule mpira wa kujazia upepo. Nikamwambia, bwana, matairi haya yanataka upepo mdogo, soma hapo ubavuni. Hakuinama hata kutazama. "Mzee, fundi mimi au fundi wewe?"

Nililipa. Ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nililipa na nikasema ahsante.

Haki yao niwape: palikuwa na kijana pale, mwanafunzi wa kazi, ndiye aliyenisaidia kuipandisha kwenye pikapu. Akaninong'oneza, "Mjomba, kaipime nyumbani kwa chaki. Kwetu Pemba babu alikuwa akipima trekta kwa kamba tu." Yule dogo peke yake nampa nyota tano.

Nyumbani nikatoa upepo kwanza, ukawa PSI 4 kila upande. Hapa geji ya gari haikufai, mshale wake hata haujaamka kwenye 4, inatakiwa ile ya upepo mdogo. Nikaiweka kwadi kwenye sakafu ya saruji, usukani umenyooka, nikaufunga kamba kushoto na kulia kwenye keria ya nyuma usitikisike. Mwanangu akakaa juu kama dereva, maana uzito wa mtu unaishusha na magurudumu yanabadili mkao. Nikatia nukta ya chaki katikati ya kashata ya kila tairi la mbele, upande unaotazama mbele, usawa wa ekseli. Tepu ya seremala, nukta hadi nukta: sentimita 91.8. Tukaisukuma taratibu mpaka nukta zilezile zikaja nyuma, usawa uleule. Sentimita 90.2.

Milimita 16 wazi! Magurudumu yametazama nje kama miguu ya bata. Kitabu cha kwadi yangu kinataka kinyume chake, mbele pawe finyu kuliko nyuma kwa milimita 0 hadi 10. Sasa ile rangi ya kijani ilikuwa ya nini?

Lakini niseme kweli, maana mtaniuliza. Mara ya kwanza na mimi nimeharibu. Nilishika tairodi ya kushoto peke yake. Nati moja ya kukazia ilinisumbua tangu adhuhuri mpaka alasiri, nikainyunyizia mafuta ya kutu, nikaigonga, pembe zake zikaanza kulika, kumbe uzi wake ni wa kushoto! Ncha moja ya tairodi inafunguka kama nati zote, ya pili kinyumenyume, ndiyo maana ukiizungusha fimbo katikati inarefuka au kufupika bila kuchomoa kitu. Mimi nilikuwa naikaza saa tatu nzima. Na nilipoipata, nikazungusha fimbo upande usio wake. Nikapima: milimita 24. Mke wangu akapita na ndoo, akauliza kama nimeshamaliza.

Kwa hiyo usiku ule nilikuwa nimeshapoa. Nikajisemea, basi, kazi yenyewe ngumu, nyota mbili zinawatosha, labda tatu kwa ajili ya dogo.

Asubuhi nikaanza upya, safari hii tairodi zote mbili, robo mzunguko huku, robo mzunguko kule, ili usukani usije kukaa upande. Nikaenda ya kulia, ambayo mimi sikuwahi kuigusa. Natia spana kwenye nati ya ndani, spana haina kazi. Nati ikazunguka kwa vidole. Kwa vidole! Waliilegeza wao, wakazungusha, wakaona kijani, wakaiacha hivyohivyo. Siku mbili tatu za mtikisiko kule maweni, fimbo ingejizungusha yenyewe, na mgeni wa watu yuko juu na mtoto wake nyuma.

Nyota zote nazichukua. Hata ile ya kiyoyozi.

Nimemaliza na 90.6 mbele, 91.1 nyuma, milimita tano ndani. Nati zote nne nimezikaza na kuzitia alama ya rangi, zikisogea nitaona. Nimeipeleka ufukweni maji yalipotoka, nikaachia usukani kidogo kwenye mchanga mgumu, imekwenda sawa kama uzi. Tepu ninayo tangu zamani, chaki nimeomba kwa mwanangu.

Na nyinyi wa gereji, vile vifuniko vinne vya valvu mlivyovitoa mkijaza huo upepo wenu wa lori hamkuvirudisha. Namba yangu ya simu mnayo kwenye risiti.