Wikiendi Bagamoyo na shosti yangu: jukwaa la TaSUBa, makumbusho ya Misheni na sahani ya pweza

Watu wa Dar ukiwatajia Bagamoyo wanawaza ufukwe. Wanafika Jumamosi saa tano, wanapiga picha na ngalawa, wanakula chipsi samaki, na saa kumi wako tena barabarani kuwahi foleni ya Tegeta. Sina ugomvi nao. Ila mimi na shosti yangu tulikwenda kwa mambo matatu tu, maigizo, makumbusho na kula, na kwa safari ya namna hiyo sijaona mji wa karibu na Dar unaoufikia huu. Malazi ndiyo yaliyotuangusha, nitayasema huko mbele.

Jambo la kwanza kupanga ni jukwaa, kabla hata ya chumba. Nalisisitiza kwa sababu wengi hudhani TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kuna onyesho kila jioni kama sinema. Ile ni taasisi ya mafunzo. Wanafunzi wana vipindi, wana mitihani, na maonyesho hufuata ratiba yao, siyo yako. Sisi tulipiga simu mapema, tukaambiwa Ijumaa jioni kuna kazi za wanafunzi, na safari nzima tukaijenga juu ya hiyo Ijumaa. Lipo pia Tamasha la Kimataifa la Sanaa na Utamaduni, lililoanza 1982, mwaka mmoja baada ya kuanzishwa Chuo cha Sanaa, ambacho ndicho TaSUBa ya leo. Ukitaka kuona vikundi vingi kwa mpigo, nenda wakati huo. Ukitaka kukaa karibu na jukwaa kiasi cha kusikia mwigizaji anavyohema, nenda jioni ya kawaida kama sisi.

Igizo lenyewe lilikuwa la familia inayogombania shamba la minazi. Mzee amefariki, matanga hayajaisha, mtoto wa pili kashaleta mnunuzi. Hadithi tuliyoizoea, ndiyo, lakini dada aliyecheza nafasi ya shangazi alikuwa na kitu. Hakupaza sauti hata mara moja. Kila kaka mtu alipoanza kusema kuhusu bei, yeye alifunga upya kilemba chake, taratibu, mpaka ukumbi ukawa unacheka kabla hajagusa kichwa. Mnunuzi alipotoa karatasi, mtu mzima mmoja nyuma yetu akapiga kelele, "Usisaini, mwanangu!" na kijana aliyeshika kalamu akageuka, akamjibu, "Mzee, karo ya mtoto wangu utalipa wewe?" Haikuwa imeandikwa, nina hakika. Hicho ndicho ninachokifuata kwenye maigizo ya huku: watazamaji hawakai kama wako msibani, na mwigizaji aliyefundishwa vizuri anajua kulitumia neno la mtazamaji bila kupotea. Mwisho wake ulikuwa mrefu kidogo. Wanafunzi wakipewa taa na moshi watavitumia vyote.

Baada ya igizo zikaingia ngoma. Mdundiko ulipoanza, akina mama wa safu za mbele hawakusubiri kualikwa. Ile ni ngoma ya Wazaramo, wako kwao, wakainuka na khanga zao kiunoni. Ikaja sindimba ya Wamakonde, kisha muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, na hapo ndipo nilipompoteza mwenzangu. Yeye ni mtu wa Dodoma. Alisimama, akapiga vigelegele mpaka watu wa pembeni wakawa wanamtazama yeye badala ya jukwaa. Baadaye alinieleza kwa nini ile haikuwa kwake burudani tu. Hukwe Zawose, bingwa wa zeze la nyuzi na ilimba, ala ya vyuma vya kubonyeza kwa vidole gumba, aliyeupeleka muziki wa Wagogo hadi Ulaya na Marekani, alifundisha hapohapo Bagamoyo na kuishi hapo mpaka alipofariki 2003. Kwa Mgogo, kusikia muheme mita chache kutoka baharini si jambo geni kihivyo: kuna njia iliyokwishakatwa. Ukumbi wa zamani uliungua moto 2002, huu wa sasa ukajengwa baadaye. Tuliketi kwa raha na sauti ilitufikia vizuri. Beba mtandio. Upepo wa bahari usiku hauna utani.

Kwa kile tulicholipa mlangoni, kitu ambacho Dar hakikununulii hata juisi mbili za hoteli, naipa jioni ile alama zote.

Jumamosi ilikuwa ya makumbusho, na hapa nina ushauri mmoja wa fedha: lipa mwongozaji. Tulimchukua kijana mwenyeji mwenye kitambulisho, tukakubaliana bei kabla ya kuondoka, na hakutudai senti ya ziada. Bila yeye tungeona kuta. Alitupeleka kwanza Kaole, kama kilomita 5 kusini mwa mji, asubuhi kabla jua halijachachamaa. Kuna magofu ya misikiti miwili, mkongwe ukihesabiwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi yenye nguzo ndefu za mawe ya matumbawe. Kwenye nguzo alituonyesha vishimo vya mviringo na kutuuliza ni vya nini. Shosti akasema vya taa. Kumbe ndimo yalimopachikwa mabakuli ya kauri kutoka China, mapambo ya kumtambulisha marehemu kuwa mtu wa mali na biashara. Bahari iliyowaleta wenye mabakuli hayo imesogea, sasa mbele kuna mikoko. Kaburi moja, la mwanamke anayeheshimiwa kama sharifa, watu bado wanakwenda kuomba dua, kwa hiyo nendeni na mavazi ya stara na msipige picha hovyo. Mwongozaji hakutuambia hivyo kwa ukali, alishusha sauti tu nasi tukashusha zetu.

Ngome Kongwe ya 1860, Caravan Serai (kituo cha zamani cha misafara ya biashara) na Boma la Wajerumani la 1897 tulivipita kwa haraka, kosa la jua la saa saba. Vipo karibu karibu, unavitembea kwa mguu. Kumbuka tu mahali unaposimama: kwa miaka michache, mpaka 1891, huu ndio uliokuwa mji mkuu wa Wajerumani, kabla hawajahamia Dar es Salaam.

Muda wetu mwingi uliishia Misheni ya Kikatoliki. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo 1868, na makumbusho yamo kwenye jengo la zamani walilokaa masista. Usiingie na dakika 20. Kuna picha, kuna minyororo, kuna habari za kijiji cha waliokombolewa utumwani, na ukisoma kwa utulivu unaanza kuona jambo ambalo vitabu vya shule viliruka: kuwakomboa mara nyingi kulimaanisha kuwanunua. Mmisionari anafika sokoni na fedha kama mnunuzi mwingine yeyote, tofauti inaanzia baada ya kulipa. Tulibishana hapo na mwenzangu karibu nusu saa. Yeye aliona ni huruma, hakuna cha kujadili. Mimi nilitaka kujua maisha ndani ya kijiji yalikuwaje: nani alipanga saa za shamba, nani alichagua mume wa nani. Mama mmoja aliyekuwa karibu yetu akatuambia, "Wanangu, njaa inawasemesha, nendeni mkale." Hakukosea sana.

Kabla ya kula tulisimama kwenye mnara wa kanisa la zamani, ule unaoitwa wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti. Mwili wake uliletwa hapa tarehe 24 Februari 1874. Alikuwa amefariki karibu mwaka mzima nyuma, Mei 1873, kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Susi na Chuma, watumishi wake, pamoja na wenzao walimzika moyo kule, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba kwa miguu zaidi ya kilomita 1,500 mpaka pwani. Kutoka hapa akapelekwa Zanzibar, kisha Uingereza, akazikwa Westminster Abbey mwezi Aprili. Siku ya mazishi Susi na Chuma hawakuwapo. Waingereza waliwaita baadaye, mazishi yalipokwisha pita. Miezi yote ile msituni na maiti begani, halafu maziko yanafanywa bila wewe! Shosti, ambaye hakuna msiba wa jirani anaoukosa, habari hii ilimuudhi kuliko zote.

Mbuyu wa Misheni utauona tu, ni mkubwa. Mwongozaji atakuonyesha kipande cha mnyororo kilichotokeza kwenye gome. Kila mgeni anadhani ni mnyororo wa watumwa. Simulizi ya pale ni kwamba mama mmoja wa Kizungu alikuwa akifungia punda wake, akausahau, mti ukaumeza.

Sasa chakula. Mimi ni Mdigo wa Tanga, nimekuzwa kwa bada, ugali wetu wa muhogo, na mchuzi wa samaki, kwa hiyo siwasifii watu nazi ovyo. Chakula cha mchana tulikila kwa mama lishe karibu na soko la samaki: wali wa nazi, changu wa kupaka, mchicha wa nazi na pilipili ya kusaga pembeni. Tui lilikuwa zito, la kukamuliwa, siyo la pakiti, na samaki alikuwa wa asubuhi ile, jicho lake lilieleza. Ukitaka cha bei nafuu zaidi, nunua samaki mwenyewe pale mnadani, ukubaliane na wakaangaji papo hapo, unakula kwenye karatasi na limau. Jioni ni zamu ya pweza. Muuzaji anakata vipande juu ya meza, unachoma kwa kijiti, unachovya kwenye pilipili, unahesabiwa ulivyokula. Mtu wa Dodoma alianza kwa kukunja uso. Kisha akaomba na supu. Kisha nikamwona anahesabu chenji.

Tulimaliza usiku barazani kwa kahawa chungu na kashata, wazee wakicheza bao pembeni yetu, wakibishana kuhusu Simba na Yanga kama kote duniani.

Palipotukera ni mgahawa mmoja wa ufukweni, jina naliacha, tuliokwenda Jumapili kwa sababu ya mandhari. Kamba tulioagiza walichukua muda kiasi kwamba tungeweza kwenda Misheni tena na kurudi, na walipokuja walikuwa wamekauka kwenye mafuta. Sehemu nyingi za huko hupika ukishaagiza, nalielewa hilo, lakini basi mseme mapema. Dawa yake ni kupita asubuhi, kuagiza na kutaja saa, ndipo uende kutembea.

Na malazi. Gesti yetu nayo siitaji. Tulilipia chumba cha vitanda viwili tukapewa kimoja na godoro la kuongezea. Mapokezi walituhakikishia maji ya moto yapo. Kweli yalikuwapo, kwenye chupa ya chai. Feni ilifanya kazi, mashuka yalikuwa safi, na dada wa usafi alikuwa mkarimu mno, alitutafutia chandarua kipya bila kuombwa. Lakini kwa bei waliyotutoza ningetarajia bomba la bafuni litoe zaidi ya pumzi. Uliza na uone chumba kabla hujalipa. Vipo vingi mjini, na nje ya wiki ya tamasha hukosi.

Usafiri hausumbui. Kutoka Dar ni kama kilomita 70, lami mwanzo mwisho, na ukishavuka Bunju gari linatembea. Ndani ya mji, bajaji kwa Kaole, miguu kwa pengine pote. Jumapili ondoka kabla ya alasiri, la sivyo utasimama mpaka Dar. Shosti alirudi huko. Mimi nilikuwa naenda nyumbani Tanga, nikapita barabara ya Msata na kudandia basi la kaskazini palepale njia panda. Wa Tanga, Korogwe na Moshi mnaotaka kuja, shukeni Msata, msiende kuzunguka Dar bure. Magari ya Bagamoyo yapo, na ni kama kilomita 64 tu.