Uzoefu wangu na vipindi 8 vya sauti kuhusu watu waliotoweka: sikiliza ukiwa na kalamu, saa zimevurugwa

Nimesikiliza vipindi vyote 8, kila kimoja kati ya dakika 35 na 50, na nimekipitia kijitabu cha PDF chenye ramani kinachoandamana navyo. Usimulizi ni wa Kiswahili, sauti ni safi, hakuna muziki unaomeza maneno. Nawapa nyota 3 na nusu kati ya 5. Nyota moja nzima imeliwa na kosa moja tu, la saa, nalo nitalieleza.

Ukitaka kuonja kabla ya kununua vyote, anza na cha 4, Amelia Earhart, rubani Mmarekani aliyetoweka akijaribu kuizunguka dunia. Simulizi nyingi zinamkimbiza hadi kwenye jela za Wajapani. Hiki kinabaki kwenye redio, na ndiko kwenye kiini. Tarehe 2 Julai 1937 yeye na mwongoza njia wake Fred Noonan waliruka kutoka Lae, New Guinea, kwenda kisiwa cha Howland, zaidi ya kilomita 4,000 za bahari tupu. Kisiwa chenyewe hakifiki urefu wa kilomita 3 na kimelala chini kama mkeka. Meli ya Itasca, ya walinzi wa pwani wa Marekani, ilikuwa inawangoja hapo. Earhart aliomba itume ishara kwenye kilohezi 7500 ili apate uelekeo. Ishara akaipata, ila antena yake ya duara haikuwa na uwezo wa kutoa uelekeo kwenye masafa ya juu kiasi hicho. Sauti za Itasca hakuzijibu hata mara moja. Meli ilimsikia kwa nguvu, yeye hakuisikia.

Halafu kuna ule ujumbe wa mwisho, "tuko kwenye mstari 157 337", ambao wasimulizi wengi huusoma kama fumbo la mganga. Hapa umefafanuliwa kwa dakika tatu, na maelezo ni sahihi: jua lilichomoza kwenye uelekeo wa nyuzi 67, na mstari unaolikata kwa pembe mraba unaelekea 157 upande mmoja na 337 upande wa pili. Noonan aliweza kujua kwamba wako juu ya mstari huo. Asichoweza kukijua kwa jua pekee ni kama kisiwa kiko kaskazini au kusini mwao. Chukua rula uchore mstari huo kwenye ramani ya kijitabu, ukiurefusha kuelekea kusini-mashariki. Utapita karibu na kisiwa cha Nikumaroro, ambako wengine wanadhani walitua, na utaelewa kwa nini kisiwa hicho hakiishi kutajwa.

Sasa saa. Kijitabu kinatumia saa 24, msimulizi mara anazigeuza kuwa saa zetu, mara anasoma tarakimu zilezile kwa sauti, na msikilizaji wa Kiswahili anazipokea zote kwa saa zetu. Kwenye kipindi cha 7, ndege ya abiria ya Malaysia iitwayo MH370, kosa hili linaua kisa kizima. Anasema rada ya kijeshi iliiona mara ya mwisho "saa 8:22", kisha setilaiti ikaipata mara ya mwisho "saa 8:19". Ukisikia hivyo unadhani setilaiti ilitangulia kwa dakika tatu. Ukweli ni kwamba tukio la rada lilikuwa 02:22, yaani saa 8:22 usiku (hapo aligeuza), na la setilaiti lilikuwa 08:19, yaani saa 2:19 asubuhi (hapo hakugeuza). Katikati ya matukio hayo mawili kuna karibu saa sita za ndege kuruka bila mtu kuzungumza nayo, na saa hizo sita ndizo sababu ya watafutaji kupelekwa kusini mwa Bahari ya Hindi. Andika pembeni: kuruka saa 6:42 usiku, sauti ya mwisho saa 7:19 usiku, rada saa 8:22 usiku, setilaiti saa 2:19 asubuhi, tarehe 8 Machi 2014, saa za Malaysia. Baada ya hapo kipindi kinaeleweka.

Tena kinateleza kinaposema setilaiti "ilionyesha mahali". Muda ambao ishara ilichukua kwenda na kurudi unatoa umbali kutoka kwenye setilaiti tu, hivyo unapata pete kubwa juu ya dunia, si nukta. Mabadiliko madogo ya masafa ndiyo yaliyosaidia kuchagua upande wa kusini. Sehemu ya mabaki wameifanya vizuri, hasa kipande cha flapu (kibawa kinachoteremshwa wakati wa kutua) ya bawa la kulia kilichookotwa Pemba mwaka 2016: uchunguzi wake ulionyesha kwamba, kwa uwezekano mkubwa, flapu ilikuwa imekunjwa ilipong'oka, hali isiyolingana na rubani anayejiandaa kutua majini.

Cha 2, Mary Celeste, meli iliyokutwa baharini bila mtu, kimetiwa chumvi hadi hakiliki. Chai ya moto mezani haikuwapo. Meli ilikutwa Desemba 1872, siku 9 au 10 baada ya maandishi ya mwisho ya tarehe 25 Novemba, na chai haikai moto siku zote hizo. Picha hiyo ya meli iliyoachwa kila kitu kikiwa mahali pake ilienezwa na hadithi ya kubuni ya Arthur Conan Doyle ya mwaka 1884, na huko mashua zimo zote. Kwenye meli halisi mashua haikuwapo, sekstanti na kronomita (vyombo vya kujua mahali ulipo baharini) hazikuwapo, maji yalikuwa kama mita moja ndani ya tumbo la meli, pampu moja imefunguliwa, na kati ya mapipa 1,701 ya alkoholi, 9 yalikutwa matupu yaliposhushwa. Hayo ni mambo ya watu 10 walioshuka kwa kukusudia. Kipindi kinayataja mapipa kwa sentensi moja, kisha kinarudi kwenye chai.

D. B. Cooper (cha 5), mtekaji wa ndege aliyeruka kwa parachuti na fedha za kikombozi mwaka 1971, kinaridhisha, hasa kwenye noti 290 zilizookotwa kando ya mto Columbia mwaka 1980 zikiwa bado na mipira ya kufungia. Mpira wa aina hiyo ukiachwa nje haudumu miaka 8, na msimulizi ameliona hilo. Roanoke, koloni la Waingereza lililotoweka Amerika, ni ya kawaida, ila msimulizi anakumbuka kwamba gavana wake John White alikubaliana na wakoloni wachonge msalaba wakiondoka kwa shida, naye alikuta neno CROATOAN (jina la kisiwa cha jirani) bila msalaba. Vipindi vya Lord Lucan (bwana wa Kiingereza) na Fawcett (mvumbuzi wa msitu wa Amazon) unaweza kuviruka. Cha mnara wa taa wa Flannan, Scotland, ambako walinzi watatu walitoweka, kisikilize hadi dakika ya 20 tu. Baada ya hapo wanasoma kumbukumbu ya mnara yenye walinzi wanaolia na kuomba, ambayo ni ya kughushi.

Ramani za PDF zichapishe kwenye karatasi ya A3. Kwenye A4 namba za nyuzi hazisomeki, na kwenye simu ndiyo kabisa.